Swali la Saba

Neiafu, Vava'u
Jumatatu, 9 Mei

Mdogo wangu Toakase,

Salamu nyingi kuliko nazi za kisiwa hiki. Mimi sijambo, tena sijambo mara mbili, maana siku hizi nahesabiwa pamoja na mume. Mama mkwe hajambo, ila mguu wake unamsumbua mvua ikikaribia. Wifi yangu Fusi naye hajambo, ananitazama ninavyofua kama mwalimu wa zamu. Waambie baba na mama kwamba mikeka ya harusi imesifiwa hapa mpaka shingo imeniuma kwa kuinamisha kichwa. Kaka Manase msalimie kwa heshima zake zote, lakini haya mengine usimsomee.

Sasa Kitione wangu. Toa wangu, nianzie wapi? Leo ni wiki ya tano. Nyangumi bado hawajafika, kwa hiyo hakuna wageni wa kupeleka baharini, na yeye anashinda akipaka boti rangi. Anarudi na bluu kwenye nyusi. Akicheka, ule mwanya wa meno ya mbele unaonekana, nami nasahau nilichokuwa nakifanya. Juzi nilisahau magimbi motoni yakawa makaa. Mama mkwe akauliza nyumba inanuka nini, Kitione akajibu kwamba ameunguza yeye, na hata jikoni hakuwa ameingia! Niambie, mtu kama huyo utampikia nini kinachomtosha?

Bahasha yako imefika kwa meli ya Alhamisi. Nimesoma maelezo mara mbili ili nisikosee. Kila mmoja chuoni anatengeneza video ya wimbo mmoja. Wewe umechagua ule wimbo wa mapenzi wa bendi ya kaka Manase, na kwa kuwa unamsifu msichana wa bandari ya huku, Mwalimu Lavinia amekwambia walengwa wako wawe wasichana wa Vava'u. Kabla hujagusa kamera unataka kujua wanapenda kuona nini. Umeniletea fomu ishirini, kila moja ina maswali saba, niwagawie wasichana ishirini, kwa sababu tangu waya wa baharini ukatike mtandao wetu huku ni wa kubahatisha. Na atakayefanya vizuri kuliko wote atachukuliwa na kituo cha televisheni kujifunza kazi mwaka mzima. Baba naye amesema usipoipata nafasi hiyo, unarudi nyumbani kusuka mikeka na mama.

Usiwe na wasiwasi. Dada yako yupo. Wasichana wako nje ya mlango wangu, nitawapata wote kabla ya Jumapili.

Kitione ameingia sasa hivi, ananiuliza ninamwandikia nani huku natabasamu. Nimemwambia mpenzi wangu wa zamani. Amenuna vizuri mno.

Dada yako mwenye furaha,
Lesieli


Kolovai
Jumatatu, 23 Mei

Dada Lesi,

Sisi wote wazima. Mama amemaliza mkeka wa shangazi na sasa analalamika mgongo. Baba amevuna viazi vikuu vikubwa kuliko vya jirani, na kila siku anapata sababu mpya ya kupita mbele ya nyumba ya jirani. Kaka Manase na bendi yake wamerekodi wimbo upya kwa ajili yangu. Hakuniambia mimi. Alimwambia mama, "Kanda hii ya yule msichana iko mezani," akatoka. Gitaa lake humo linalia, dada, mpaka nimejificha chumbani kusikiliza.

Meli mbili zimepita bila fomu zangu. Najua una mambo mengi, na sitaki kuyajua yote. Lakini Mwalimu Lavinia hataki kuona hata mchoro mmoja kabla ya majibu. Juzi alituambia hivi: "Video si kioo chako cha kujitazamia. Mjue atakayekaa mbele yake." Wenzangu wameshaanza kuchora. Mimi nachonga penseli.

Swali la saba ndilo analolisisitiza zaidi: utaitazama video hii wapi, na ukiwa na nani? Tafadhali wasiliruke.

Tarehe kumi Juni ndiyo mwisho. Maonyesho ni Agosti, ukumbini, wazazi na ndugu wote watakuwepo.

Mdogo wako,
Toakase


Neiafu
Jumanne, 7 Juni

Mdogo wangu kipenzi,

Habari za hapa ni nzuri, mvua tu. Mvua siku nne mfululizo, Kitione yuko nyumbani, na nyumba ya bati ikipigwa na mvua, ukiwa na mtu wako, ni raha ambayo sitaiandika kwa mtoto wa shule.

Fomu hizi hapa, ishirini kamili. Wasichana wamefurahi kuulizwa. Wamejibu kwa moyo wote.

Nafunga haraka, meli inaondoka saa sita. Wasalimie wote.

Lesieli


Kolovai
Jumatatu, 27 Juni

Dada Lesi,

Asante, asante, asante. Mama anakusalimu, baba pia. Kaka Manase ameuliza kama huko mnakula vizuri. Hilo kwake ni hotuba.

Nimehesabu majibu na kuchora duara lenye vipande vya rangi, Mwalimu Lavinia amelibandika ukutani. Sikujua wasichana wa Vava'u wana mapenzi mazito hivi. Kumi na sita kati ya ishirini wanataka wimbo ukifika kwenye kiitikio cha mwisho, msichana na kijana wabusiane gatini huku mvua inanyesha. Kumi na nne wanataka kijana awe na mwanya. Kumi na nne, dada! Nimezunguka chuo kizima nikiwaambia wavulana wacheke ili niwatazame meno. Nimempata mmoja wa darasa la useremala. Msichana atakuwa Sulieti, ninayekaa naye dawati moja. Mvua tutaitoa kwenye mpira wa kumwagilia bustani.

Na swali la saba: wote ishirini watatazama peke yao, au na mpenzi. Hakuna hata mmoja aliyesema vingine.

Mwalimu Lavinia alilitazama duara kwa muda mrefu. Akaniuliza, "Hawa wasichana ni akina nani, Toakase? Wanaishi na nani?" Nikamjibu kwamba nitakuuliza. Basi nakuuliza. Ni akina nani?

Tunaanza kupiga picha tarehe kumi na tano Julai. Ukinijibu kabla ya hapo itanisaidia.

Toakase


Neiafu
Jumatatu, 18 Julai

Toa wangu,

Nyangumi wamekuja! Kitione amenipeleka kwenye boti siku ambayo haikuwa na wageni. Mama nyangumi alipita chini yetu na mwanawe, polepole, hata boti haikuyumba. Kitione akanishika mkono, akaniambia kwamba nyangumi dume huimba wimbo mmoja msimu mzima ili jike amsikie. Nikamwambia basi na yeye aimbe. Akaimba, na sauti yake ni mbaya, Toa, mbaya sana, nami nikalia kwa furaha.

Wifi Fusi ameniuliza kwa nini siku hizi nakaa na kalamu mkononi bila kuandika. Nimemwambia natafuta maneno.

Mama mkwe anakushukuru kwa dawa ya mguu. Hapa kila kitu ni kizuri, nina furaha kuliko mtu anavyostahili. Natumaini picha zimeenda vizuri. Labda lile busu lisiwe refu? Ni wazo langu tu. Wewe ndiye mwenye elimu ya mambo hayo.

Dada yako akupendaye,
Lesieli


Kolovai
Jumatatu, 22 Agosti

Dada Lesieli,

Wazazi wazima. Maonyesho yalikuwa Ijumaa, saa tisa alasiri.

Ukumbi ulijaa. Baba na mama walikaa mbele, mama amevaa ule mkeka wa kiunoni wa harusi yako. Kaka Manase alikuja na bendi nzima, wamejipaka mafuta ya nazi wananukia mpaka mlangoni, kwa sababu mwalimu alitangaza kwamba watatambulishwa. Alikaa safu mbili mbele yangu. Wimbo ulipoanza nilimwona anapiga kidole kwenye goti. Watu wakageuka kumtazama kwa sifa. Nilifurahi, dada, kwa muda wa dakika mbili na sekunde kumi.

Halafu Sulieti na yule kijana wakasogeleana gatini, chini ya mvua yangu ya mpira.

Kaka alisimama kabla midomo haijagusana. Hakunitazama, alitoka kwa mlango wa pembeni. Bendi ikamfuata. Baada ya hapo nilisikia viti tu. Kila mwanaume aliyekuwa na dada mle ndani, au binti wa shangazi, au binti wa baba mdogo, alisimama akatoka, maana kaka na dada hawakai pamoja mbele ya mambo ya mapenzi, na ni nani kwetu asiye na dada katika ukumbi? Sulieti alifunika uso kwa mkoba, kaka zake wawili walikuwa wanampita. Baba aliinama kutazama vidole vya miguu yake. Video ilipoisha tulibaki wanawake, walimu na viti.

Mwalimu Lavinia aliniuliza mbele ya wenzangu, "Swali la saba uliuliza?" Nikasema niliuliza. "Na walijibu watatazama na nani?" Nikasema peke yao. Akaandika kitu kwenye karatasi yake, akaikunja.

Kaka haingii ndani nikiwepo. Chakula chake mama anampelekea kwenye kibanda cha nje wanakolala wavulana. Kilabuni, wanaume wakinywa kava, mmoja alimwomba apige ule wimbo, kwa mzaha. Akaacha gitaa hapo hapo na kurudi kwa miguu. Bado liko huko.

Mwalimu amenipa mpaka Oktoba nieleze nilikosea wapi. Mimi sijui nieleze nini.

Hukunijibu ni akina nani.

Toakase


Neiafu
Jumatatu, 19 Septemba

Toa,

Najua meli nne zimepita. Mama mkwe hajambo, Fusi hajambo, Kitione hajambo. Leo siwezi kuziongeza salamu.

Toa, wale wasichana ishirini ni mimi.

Fomu zako zilikaa chini ya godoro zaidi ya wiki nne. Mwanzoni nilikuwa naona haya. Mimi ni bibi harusi mgeni, nitapitaje mlango kwa mlango nikiwauliza watu mambo ya mapenzi? Fusi alijitolea kuzipeleka kwenye nyumba ya wasukaji wa mikeka, nikakataa, nikiogopa ataona ni za mambo gani na kunicheka. Halafu mvua ikanyesha, Kitione akawa nyumbani, nikasema kesho, nikasema kesho tena. Siku moja kabla ya meli nilikaa kitandani na kalamu tatu za rangi mbalimbali nikazijaza zote. Nilibadilisha mwandiko. Nilijitungia majina na umri. Na Mungu anisamehe, nilifurahi nilipokuwa naandika. Kila fomu niliona ninaandika barua ya mapenzi. Mvua, gati, mwanya, vyote ni vya kwangu. Ulipouliza utatazama na nani, nilimwona Kitione peke yake. Niliandika "peke yangu" na "na mpenzi wangu", mara ishirini, na mkono haukusita hata mara moja. Nilijibu kama mtu asiye na kaka.

Na hayo mambo nayaona humu ndani kila wiki. Televisheni ikionyesha watu wanakumbatiana na Fusi yuko sebuleni, Kitione huinuka akasema anakwenda kuangalia injini ya boti. Injini haina ubaya wowote. Nami nilikuwa nawaza, jinsi anavyoipenda kazi yake!

Barua yako ilipofika nilimwambia Kitione. Kuhusu kalamu tatu alicheka. Nilipomwambia kaka Manase alivyotoka ukumbini, aliacha kucheka, akaweka kijiko chini. Akasema, "Umemkalisha ndugu yako mahali pale kwa mkono wako." Hakunisemesha tangu mchana ule mpaka kesho yake asubuhi. Ni mara ya kwanza, Toa. Nilitandika kitanda nikalala ukingoni.

Kesho yake nilikata karatasi, nikaandika maswali yako saba mara ishirini, nikamfuata Fusi mwenyewe. Nilimweleza yote. Nilitegemea kejeli na nikaipata. Alinichukua mpaka nyumba ya wasukaji, akanisimamisha mbele ya wanawake na mabinti wao, akasema, "Huyu mke wa kaka yangu ana maswali. Safari hii atauliza watu."

Walicheka mpaka vipande vya majani ya mikeka vikaanguka kutoka mapajani mwao. Mmoja akaniuliza kama kweli nilimwandikia kila msichana wa Vava'u bwana mwenye mwanya, akaomba aletewe wa kwake mapema, kabla hajazeeka. Nilisimama tu. Kicheko kilipoisha walianza kujibu, mmoja mmoja, kwa makini sana, nami nikaandika walichosema na si zaidi.

Nimekufungia majibu. Kumi na saba wanatazama na nyumba nzima, kwa sababu simu ni moja, ni ya baba, na inaegemezwa kwenye kikombe mezani. Kumi na tatu wametaja kaka. Binti mmoja, Vika, ana miaka kumi na saba, alisema wimbo wa mapenzi ukianza huwa anatazama mikono yake mpaka uishe, asijue kaka yake anatazama wapi, na kwa hiyo hajawahi kuona mwisho wa video hata moja ya mapenzi. Fusi akanigeukia na kusema kwa upole, na upole wake ndio ulioniumiza: "Wifi, wewe unatazama na mumeo. Sisi wengine tunatazama na kaka zetu."

Kaka siwezi kumwandikia. Ningemwandikia nini? Hata neno busu siwezi kuliweka kwenye karatasi atakayoishika. Nimempelekea mama mkeka wangu mzuri wa harusi, ule wa juu kabisa. Mwambie ampe kaka autandike kwenye kibanda, asiseme umetoka kwa nani wala kwa nini.

Mwambie mwalimu ukweli wote. Taja jina langu.

Nilikuharibia, mdogo wangu, kwa sababu nilikuwa na furaha. Sikujua furaha inaweza kumfanya mtu mwongo kiasi hiki.

Lesieli


Kolovai
Jumatatu, 17 Oktoba

Dada Lesi,

Mama amepokea mkeka. Aliunusa, akaukunja, akaupeleka kibandani bila kuniuliza kitu. Baba mzima. Kaka Manase mzima.

Sasa nisikilize, kwa sababu nikiacha leo sitaandika tena. Nilijua.

Nilijua siku nilipofungua bahasha. Dada, umenifundisha kuandika wewe. Kalamu tatu au kumi, ile herufi yako ya k bado inatupa mguu kama mtu anayepiga teke. Nilizitandaza ishirini kitandani nikazitazama, kisha nikazikusanya nikahesabu. Ningeweza kukurudishia kwa meli iliyofuata. Bado kulikuwa na siku mbili, na mwalimu angeniongezea wiki nikimwomba. Lakini majibu yako yalikuwa yale niliyoyataka. Nilitaka video yangu ifanane na zile za nje, nilitaka lile busu, na sikuwa na ujasiri wa kulitaka kwa jina langu. Ulipolileta kwa majina ishirini ya watu wengine, nililishika kwa mikono miwili. Nilikuuliza ni akina nani kwa sababu mwalimu aliniambia nikuulize. Barua yako ya nyangumi ilipokuja bila jibu, nilishukuru.

Nimemwambia Mwalimu Lavinia yote, langu na lako. Sehemu ya utafiti amenipa sifuri. Nafasi ya televisheni amepewa Sulieti, na ameistahili. Video yake ni ya wimbo wa kanisa, nyanya zake wote waliiangalia mara mbili. Baba hakunigombeza. Alisema tu kwamba Januari majani ya mikeka yatakuwa tayari kuchemshwa. Basi nimejua nitakuwa wapi.

Lakini mwalimu aliniruhusu kuhariri upya, bila alama. Nilichukua majibu ya wasukaji nikakaa nayo. Nimelikata busu. Mahali pake, kiitikio cha mwisho kinapoingia, nimeweka gati tupu na mikono ya msichana inaosha sufuria, kijana haonekani kabisa. Ni Vika niliyekuwa namfikiria. Nilitaka aweze kuinua macho mpaka mwisho.

Jumamosi mchana nilimwomba mama amwambie kaka kwamba kuna video mpya, akitaka. Nikaweka kompyuta mezani, tukavuta mapazia. Baba, mama, mimi. Nilikaa nyuma kabisa, karibu na jiko, mahali ambapo kaka hangelazimika kunipita. Wimbo ulikuwa umeshaanza alipoingia. Hakukaa kwenye kiti, alikaa chini kando ya mlango, mguu mmoja nje.

Dakika ya pili ilipofika nilimwona anaweka kiganja sakafuni ili ainuke. Nami nikainama kutazama mikono yangu, dada. Nilisikia kiitikio, nikasikia mama anavuta pumzi. Nikasubiri kusikia hatua zake zikitoka, nazo sikuzisikia.

Wimbo ukaisha. Kisha kaka akasema, akimwambia mama, si mimi: "Mwambie gitaa halisikiki mwishoni." Akatoka. Jioni yake nilimwona anakwenda kilabuni, akarudi amelibeba gitaa.

Mimi na wewe bado tuna maneno, na hayataisha kwa barua. Siku ukija tutakaa. Mlete Kitione, nataka niuone huo mwanya.

Nimeliongeza gitaa sauti. Sasa sauti ya mwimbaji imezama, maneno hayasikiki vizuri, na Mwalimu Lavinia anasema nimeharibu. Nimeiacha hivyo hivyo.

Mdogo wako,
Toakase